Udongo wa Nyumba ya Batri

Ukitaka kufika kwa Nkambo Asha, nyanya wa mtaa mzima, usiulize namba ya mlango. Huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, namba zimeshafutwa na mvua, na aliyebaki nazo kichwani ni mtoza kodi peke yake. Uliza nyumba ya batri. Fundi wa cherehani atakuonyesha kwa mkasi, mama wa vitumbua atakuonyesha kwa mwiko, na hata yule anayelewa kabla jua halijapanda atainua kidevu: pale, penye mlango wa bluu. Na batri yenyewe? Haipo. Ya mwisho ilitoka mle kabla wajukuu hawajazaliwa, na fundi wake, marehemu Feruzi, amelala makaburini siku nyingi. Lakini jina ni kama moshi wa makaa: moto umezimika, kikwembe kiunoni bado kinanuka.

Nkambo Asha alilipenda jina lile. Akilisikia tu, alimwona Feruzi wake amepinda juu ya meza, penseli sikioni, akigonga kifuniko cha batri kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa, halafu anasema, "Huyu hajakufa. Amechoka tu."

Asubuhi tunayoisimulia, mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha alfajiri. Wenye kuijua Lubumbashi wanaijua harufu ile. Kiangazi chote vumbi jekundu limekaa kwenye majani, kwenye sahani, mpaka kwenye kope za macho. Matone ya kwanza yakianguka, ardhi inashusha pumzi, na mji mzima unanuka kama mtungi mpya. Wanawake wenye mimba huteseka siku hiyo. Mate yanawajaa kinywani, wanatafuta udongo wa kutafuna.

Nkambo alikuwa amekaa kwenye kibao chake jikoni, anasugua vikombe vya wageni, vile vyenye maua ambavyo havitoki kabatini ila kwa ndoa na matanga. Mwanawe Mahamudu akaingia bila kubisha, viatu vimejaa tope.

"Mama, ulilala muzuri?"

"Miye nililala. Goti njo haikulala."

"Njo mana tunauzisha hii nyumba. Kule Hewa Bora hakuna ngazi." Akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yenye povu. "Mama. Bageni bakikuuliza juu ya kazi ya papa, utasema nini?"

"Nitasema alikuwa anauzishaka batri."

"Kuuzisha. Hapana kufungua, hapana kuyeyusha. Kuuzisha tu, sawa vile bantu banauzisha sukari."

"Mahamudu, ni weye ulitoka mu tumbo yangu, hapana miye mu yako. Nimesikia."

"Na ile udongo ya pale..."

"Nimesikia, nimekuambia! Leta kitambaa ile, pangusa vikombe, uache kuniimbia."

Tusije tukamdhania Mahamudu mtu mbaya. Alikuwa anauza vipuri vya magari sokoni, na kila Jumapili alipanda paani mwenyewe kuziba bati la mama yake. Nyumba ile ilikuwa imezeeka pamoja na mwenyewe: ukuta una nyufa, choo kiko mbali, na goti la Nkambo lilikuwa limegoma. Ndipo akapatikana mnunuzi, Bwana Kabwe, mwenye kampuni ya kujenga. Alitaka kubomoa na kusimamisha nyumba ya ghorofa, familia juu ya familia, na katikati uwanja wa watoto kuchezea. Bei aliyotaja ingetosha nyumba ya vyumba vitatu Hewa Bora, ukuta kwa ukuta na Rehema, binti yake Nkambo. Bomba uani, wajukuu mlangoni. Nkambo aliitaka nyumba hiyo kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kitanda, kichwa kielekee dirishani, amsikie Tracy, mjukuu wake wa mwisho, akienda shule.

Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Na nani hajui kunyamaza?

Sasa tumtaje Feruzi, maana bila yeye hakuna neno la kunyamazia.

Feruzi alitoka kwa watu wa Maniema, wa Kasongo, waliofuata biashara mpaka wakafika kwenye shaba na reli. Kwao kitendawili si mchezo wa watoto peke yao. Ukishindwa kutegua, mwenzako anakuambia, "Nipe muji," nawe unampa mji unaoupenda. Anauendea, anakula, anakunywa, halafu anarudi na jibu. Siku alipokuja kutafuta uchumba, baba yake Asha alimkalisha barazani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Asha akatumwa kumpelekea maji. Kijana akapokea kikombe, hakunywa.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Muzee hana miguu, lakini anasukuma motokari."

Asha akawaza. Akampa Kabambare. Akampa Kindu. Mwishowe akampa Kasongo yenyewe, na bado hakujua.

"Ni batri," Feruzi akasema. "Na sasa miji yenu yote iko kwangu. Utakaa wapi? Itabidi unifuate."

Mungu shahidi, alimfuata.

Uani kwao, Kamalondo, wakajenga karakana ya mabati. Umeme ukikatika, na siku gani haukatiki, mtaa mzima ulipita kwa Feruzi: madereva wa taksi, wenye baa, wazee waliotaka redio isikose habari za jioni. Batri iliyokufa kabisa aliipasua. Maji yake makali aliyamwaga pale pale karibu na ukuta. Vile vibao vya ndani, vya risasi, ambayo watu wa gereji wanaiita plombu, aliviyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mbabula, jiko la makaa, akamimina vipya. Risasi ikiyeyuka inang'aa kama mwezi ndani ya ndoo. Asha alikuwa anavuta kibao chake karibu, mtoto mgongoni, aangalie tu, kwa sababu kulikuwa kuzuri. Nani aliwaambia kwamba ni sumu? Hakuna. Fizi za Feruzi ziliota mstari wa bluu, kama mtu aliyetafuna penseli ya rangi, na Asha akawa anamtania mbele ya wageni: "Muone bwana yangu, anajipaka wanja mu meno!" Wote wanacheka, Feruzi naye anafunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa na haya kama msichana.

Halafu wakafa bata. Bata wa Asha walikuwa wanakunywa kidimbwi cha nyuma ya karakana, na mwaka mmoja wa mvua nyingi walianza kuyumba kama watu wanaotoka baa, wakaanguka mmoja mmoja. Feruzi aliwazika. Akatazama ile ardhi ya karibu na ukuta, ambayo hata majani yalikuwa yanaikataa, mpaka chakula kikapoa. Kesho yake akahamisha kazi, akaenda kuifanyia nje ya mji kwa rafiki yake. Kisha akaazima pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, akauelekeza kwenye kichuguu kikubwa, vile vichuguu vya kwetu vinavyozidi nyumba kwa urefu. Akachimba, akajaza, akasukuma. Kiangazi kizima. Akaumwaga udongo wa kichuguu juu ya ardhi iliyokufa mpaka ukamfika Asha magotini.

"Bibi yangu," akasema, "nilikuharibia shamba. Nakurudishia."

Udongo wa kichuguu hauna jiwe, ni laini kama unga. Lengalenga, mchicha wa kwetu, ziliota zikapita dirisha. Majirani walikuja na mabakuli. Kila Asha alipochuma jani, ilikuwa kama anachuma neno la bwana wake. Ilikuwa zawadi, na ilikuwa kifuniko pia. Asha aliitazama upande mmoja, na upande huo ulimtosha.

Kabla hajafariki, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki, Feruzi alimtegea cha mwisho.

"Nimemuzika bila sanda. Haoze, hafufuke, ananingoja."

Asha akasema hajui.

"Nipe muji."

"Kasongo."

"Ile nilishaipata tangu uchumba. Na Kindu, na Kabambare. Nipe ingine."

Asha hakuwa na mwingine. Feruzi akageukia ukuta, hakutoa jibu. Lakini jibu Asha alilijua wakati ule ule, maana dirisha la chumba lilikuwa wazi, na lengalenga zilikuwa zinaingiza vichwa ndani.

*

Wageni walifika chai ikiwa moto. Bwana Kabwe mbele, mtu mnene mchangamfu, anayesalimia kwa mikono miwili. Nyuma yake avoka wake, yaani mwanasheria wake, Maître Lydie, mwanamke kijana wa viatu vya chini, tumbo likimtangulia kama ngoma.

"Karibuni, karibuni! Maître, kaa hapa pa kiti ya mugongo. Muntu wa roho mbili haikale pa kibao."

"Aksanti, nkambo."

"Njo mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Inakuombesha nini?"

Maître Lydie akacheka, akaziba uso kwa faili lake. "Udongo, nkambo. Pemba, ile udongo nyeupe ya soko, nimeimaliza yote. Leo na hii mvua, nilisimama mu njia kunusa ukuta ya bantu."

"Ah! Basi ni mwanamuke. Banamuke njo banaombaka udongo. Banaume banaombaka nyama, na hawajazaliwa bado, muone ile kiburi."

Hata Mahamudu alicheka, yeye aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wakanywa. Bwana Kabwe akasifu vitumbua. Halafu Maître Lydie akafungua faili, na uso wake ukabadilika kidogo, ukawa uso wa kazi.

"Nkambo, iko kintu kimoja lazima niulize mbele ya wote. Toka ku barabara, kila muntu aliniambia: nyumba ya batri. Juu ya nini banaiita vile?"

Mahamudu akawahi. "Papa alikuwa anauzishaka batri, Maître. Duka."

"Hakukuwa atelie? Hakukuwa kufungua batri hapa?"

"Duka tu."

"Ninauliza juu sheria ya mazingira haina muchezo. Mwenye kuchafua udongo njo mwenye kuusafisha. Akikufa, ile kazi inabakia na bale banamurithi. Mwenye kuuzisha akificha, hata nyumba ikiisha kujengwa, hata miaka ikipita, batamufuata kule alienda. Na mwenye kununua akijua na akanyamaza, batawafuata bote babili." Aliposema hilo la mwisho alimtazama Bwana Kabwe, kama mke anavyomkumbusha bwana funguo za nyumba. Bwana Kabwe alikuwa anachagua kitumbua kingine.

"Tumeelewa," Mahamudu akasema. "Hakuna kintu."

"Nkambo?"

Nkambo Asha alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikapita, ikajaa kisahani. Aliiona Hewa Bora: bomba, dirisha, Tracy na begi lake.

"Alikuwa anauzishaka," akasema.

Maître Lydie akaandika.

Wakatoka uani, Bwana Kabwe anataka kupima kwa macho. Akanyoosha mikono yake minene, akajenga hewani: hapa ngazi, hapa matanki ya maji. Alipofika kwenye bustani akasimama. Mvua ilikuwa imeiosha. Lengalenga zinameremeta, na pale Nkambo alipong'oa mashina makuukuu jana udongo ulikuwa wazi, mwekundu, wenye mabonge yanayovunjika yenyewe.

"Na hapa njo uwanja ya batoto," Bwana Kabwe akasema. "Udongo muzuri hivi! Sitaweka hata simenti. Bacheze, bachafuke, balie. Batoto ni batoto."

Nkambo akashika nguzo ya kamba ya nguo.

Maître Lydie hakuwa anasikiliza. Alikuwa amefumba macho, pua juu. "Kichuguu," akasema polepole. "Mama yangu alikuwa analetaka ile, akiwa na mimba ya muleki, mudogo wangu. Alikuwa anaificha mu kabati, na tunamuibia." Akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akamega tonge ndani ya shimo la mzizi, lile bichi la chini lenye kunukia zaidi. "Samahani, nkambo. Kidogo tu." Akacheka kama mtoto anayeiba sukari, akalipeleka mdomoni.

Nkambo Asha hakujua goti lake lilikwenda wapi. Watu wa pale wanasema aliruka. Mkono wake ulifika kabla ya akili: pa! Tonge likaruka, likapasukia ukutani. Avoka, mgeni, mwanamke mwenye mimba, amepigwa mkono na mwenye nyumba. Hata cherehani ya jirani ilinyamaza.

"Tema! Tema, mwanangu! Umemeza?"

"Hapana, nkambo, haijafika hata..."

"Fungua kinywa!"

Akamfungua kinywa kama anavyofunguliwa mtoto aliyeokota kifungo, akamfuta ulimi kwa ncha ya kikwembe, mara ya kwanza, mara ya pili, akaita maji, akamsukutulisha.

"Mama," Mahamudu akasema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Wacha, Mahamudu. Nilinyamaza juu yako, na juu yangu, juu miye pia niliitaka ile nyumba. Inatosha." Akamgeukia Maître Lydie, ambaye bado alikuwa ameshika shavu kwa mshangao. "Kitendawili."

Yule mwanamke akanong'ona, "Tega."

"Nimemuzika bila sanda. Haoze, hafufuke, ananingoja." Nkambo hakungoja mji. "Ni plombu. Risasi ya batri. Iko chini ya hii udongo muzuri, toka ukuta ile mpaka pa kamba ya nguo. Bwana yangu hakuwa anauzisha tu. Alikuwa anafungua, anamwaga, anayeyusha. Bata zangu zilikufia hapa. Hii kichuguu alileta na pusupusu, njo alifunika nayo."

Akasema yote, amesimama, bila machozi. Hata wanja wa kwenye meno aliusema.

Bwana Kabwe akamsogelea avoka wake, akasema chini chini, lakini mtu mnene hana chini chini. "Maître, hii maneno tuiache hapa hapa. Nitamwaga simenti kila mahali. Simenti inafunga kila kintu."

"Patron, mbele ya simenti utachimba musingi. Ile udongo utaimwaga wapi? Mu barabara, mbele ya mama wa vitumbua. Na visima ya majirani?"

"Nani atajua?"

"Weye. Ulikuwa hujui, sasa unajua. Na miye ninajua, siwezi kuandika jina yangu chini ya bongo, maneno ya uongo." Akaweka mkono tumboni, bila kukusudia.

Bwana Kabwe akautazama mkono ule. Akautazama uwanja wake wa watoto. Akapindua ndoo ya Nkambo, akakaa juu yake, na ndoo ikalia.

"Yesu," akasema. "Na nilisema bachafuke."

Maître Lydie akavuta pumzi. "Nkambo, miye ni avoka yake, hapana yako. Utafute wako. Lakini njia iko. Bataalamu bakuye bapime. Udongo mubaya utachimbwa wote, upelekwe kule kunawekwa bintu bya sumu. Gharama itatoka mu bei ya nyumba. Na ile bei itashuka, sikudanganye."

"Ishuke."

"Na hizi lengalenga, mulikuwa munakula?"

Hapo ndipo Nkambo aliketi. "Miaka yote," akasema. "Nilimupatia Rehema. Nilipatia majirani."

"Basi batoto bapelekwe hopitali, bapime damu. Hata weye. Leo, hapana kesho."

*

Wageni walipoondoka, mama na mwana walibaki na vikombe vyenye maua. Mahamudu alisimama mlangoni, mgongo wake umeelekezwa ndani.

"Umeuzisha vyumba vitatu kwa tonge ya udongo."

"Njo vile."

"Na jina ya papa? Sasa Kamalondo yote itasema Feruzi alikuwa anatia bantu sumu."

Hilo lilimchoma kuliko bei. Nkambo akakusanya visahani, akavipanga, akavipangua tena bila sababu. "Papa yako alifunika juu hakujua namna ya kuitosha ile sumu mu udongo," akasema. "Leo beko bantu benye kujua kuitosha. Tumumalizie kazi yake, Mahamudu. Hiyo tu."

Mwana hakugeuka. Cherehani ya jirani ilikuwa imeanza tena. Akasema, kama anayeongea na mlango, "Ile pusupusu, miye nilikuwa ninaisukuma nyuma. Tukienda kuchimba ikiwa tupu, alikuwa ananipandisha ndani. Alikuwa anaimba sawa muziki ya gare, kule pa treni."

"Na ulikuwa unarudi mwekundu mpaka mu masikio. Nilikuwa ninakukosha na maji tatu."

Wakacheka, kidogo, na kicheko kikaishia njiani.

Wapimaji walikuja, wakatoboa ardhi kwa bomba refu, wakaondoka na chupa zao. Majibu yalikuwa vile vile alivyosema Nkambo, na moja zaidi ambalo hakulitaka. Alikuwa ameomba gunia moja la udongo wa kichuguu, la juu kabisa, apeleke Hewa Bora. Wakamkatalia. Mizizi ilikuwa imevuta sumu ya chini ikaileta juu. Zawadi ya Feruzi ilikuwa imeinywa sumu yake pole pole miaka yote. Nkambo alisikia, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani akafunga mlango. Bwana Kabwe alinunua hata hivyo, kwa bei iliyoshuka: vyumba vitatu vilikuwa vimegeuka chumba kimoja na baraza ndani ya uwanja wa Rehema, na hakulalamika. Gunia lile alililia.

Damu ya wajukuu ilipimwa. Ya Tracy peke yake ilikuwa imeguswa na sumu. Daktari akasema ni kidogo, mboga zile zikome, arudishwe apimwe tena. Nkambo akawa anamfungua kinywa kila walipoonana kuangalia fizi, mpaka mtoto akazoea, akawa anakifungua mwenyewe kabla ya salamu.

Siku ya kuchimba, wanaume wa mavazi meupe na barakoa puani waliingia kwa mlango wa bluu, na mtaa mzima ukatoka. Nkambo alikaa ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha mgongo alichomkalisha Maître Lydie. Kwenye ncha ya kikwembe alikuwa amefunga mbegu za lengalenga, mbegu kuukuu kutoka mkebe wa jikoni, ambazo hakuna aliyezikataza. Lori lilijaa, likafunikwa turubai, likaondoka. Hakuna aliyesema neno baya juu ya Feruzi. Mzee mmoja dereva wa taksi alivua kofia lori lilipopita, labda kwa ajili ya joto.

"Mama Mahamudu," mama wa vitumbua akasema, mafuta yakilia kwenye karai lake, "hii nyumba bataiita nini sasa?"

"Nyumba ya batri. Jina haichimbwake, weye."

"Na ile ghorofa ikisimama?"

"Ghorofa ya batri. Utaona."

Wakamwacha aingie kwa mara ya mwisho, mpaka kwenye utepe wa kuzuia watu tu. Uani palikuwa shimo. Ukuta uliotegemewa na karakana ulikuwa umebaki na kivuli cheusi cha moshi wa mbabula, na chini yake ardhi mpya, ya kale, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Nkambo akaitazama. Palikuwa patupu, na palikuwa safi, na hakujua alie kwa lipi.

"Feruzi," akasema, sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. "Uliniomba muji, nikakosa. Nakupa Kamalondo. Enda, ukule, ukunywe, usirudi mbio."

Mahamudu alikuwa amewasha gari nje. Nyuma ya gari, juu ya godoro na masufuria, palikuwa na gunia la udongo mwekundu aliouchimba mwenyewe kwenye kichuguu cha mbali, upande ambao hakuna kiwanda wala gereji. Nkambo aliliona. Akapanda mbele, goti kwanza, akashika kifundo cha mbegu.

"Twende," akasema. "Udongo bado iko bichi."